Kidonge cha kiuno na mapafu ya mtoto tumboni

Jioni moja nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa, Mtoni kwa Aziz Ali, akafika mama kijacho ameshika kiuno. Mimba ilikuwa ya miezi minane, kwa maneno yake mwenyewe. "Kaka, nipe diklopa mbili, kiuno kinaniua." Muuzaji akakata vidonge viwili kwa mkasi, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akapokea hela. Hakuuliza kitu. Ilibidi niingilie. Nilimwomba yule dada avirudishe, tukakaa kwenye benchi nikamweleza sababu. Nayaandika hapa maelezo yale, nikiyarefusha kidogo.

Diklofenaki, ambayo wengi huiita diklopa, hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Ibuprofeni nayo hufanya vivyo hivyo. Prostaglandini zinatokana na mafuta. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na ndani ya utando huo imo asidi ya mafuta iitwayo arakidoni. Damu inapousugua ukuta wa mshipa, au pafu linapotanuka, kimeng'enya kimoja huichomoa asidi hiyo na vingine huigeuza papo hapo kuwa ujumbe wa kemikali. Mwili hauna ghala la kuuhifadhi. Ujumbe huzaliwa unapohitajika, huwafikia majirani, kisha hufa. Prostasiklini, inayolegeza mishipa ya mapafu, hudumu dakika chache tu. Nduguye tromboksani, anayetoka kwenye chembe sahani za damu na kuikaza mishipa, hudumu muda mfupi zaidi ya hapo.

Prostasiklini iligunduliwa mwaka 1976 na Salvador Moncada, John Vane na wenzao katika maabara ya Wellcome huko Beckenham, Uingereza, kutoka kwenye mishipa mikuu ya nguruwe. Vane alikuwa ameshaonyesha mwaka 1971 jinsi aspirini inavyozuia prostaglandini, na mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden.

Mshipa umezungushiwa misuli laini. Prostasiklini inapoigusa seli ya misuli hiyo, kalsiamu ndani ya seli hupungua, misuli hulegea na mshipa hupanuka. Mapafu yanahitaji sana ulegevu huu, kwa sababu damu yote ya mwili hupita humo, ilhali shinikizo lake ni dogo: wastani wa milimita 14 hivi za zebaki, wakati kwenye ateri nyingine kubwa za mwili ni kama 90. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, ukuta wake ni mwembamba. Mishipa ile ikikaza, ndio unaoumia.

Sasa turudi tumboni. Mtoto hapumui, oksijeni anaipata kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya mapafu yake imekazwa, na sehemu kubwa ya damu inayoelekea huko hugeuzwa kupitia njia ya mkato, mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na ateri kuu ya mwili. Kinachouacha wazi mshipa huo ni prostaglandini E2, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye kondo. Akizaliwa, akilia kwa mara ya kwanza, mapafu hutanuka, prostasiklini humwagika, oksijeni huingia, na damu inayopita mapafuni huongezeka karibu mara nane. Kondo limeshatoka, prostaglandini E2 inapungua, na njia ya mkato hujifunga ndani ya siku mbili tatu. Kwangu mimi, hakuna zamu inayopangwa vizuri kuliko hii katika mwili wa binadamu.

Kidonge cha diklofenaki huvuka kondo. Kikiishusha prostaglandini kabla ya wakati, njia ya mkato hubana mtoto akiwa bado tumboni. Damu hulazimishwa kuingia kwenye mapafu yaliyokazwa, kuta za mishipa huwa nene, na baada ya kuzaliwa mishipa hiyo inaweza kukataa kulegea. Mtoto huwa wa bluu, akihangaika kupumua. Si kila aliyemeza kidonge kimoja hupatwa na haya; hatari hukua kadiri dozi na wiki zinavyoongezeka, hasa kuanzia wiki ya 30. Tangu wiki ya 20 dawa hizi zinaweza pia kupunguza maji ya uzazi, kwa sababu figo za mtoto nazo zinaitegemea prostaglandini.

Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Wapo wajawazito wanaopewa kliniki aspirini ya dozi ndogo ili kuwakinga na kifafa cha mimba. Hao wasiiache. Chembe sahani hazina kiini, hivyo kimeng'enya chao kikizimwa na aspirini haziwezi kukiunda upya. Tromboksani hupungua, huku ukuta wa mshipa ukiendelea kutengeneza prostasiklini yake. Dozi na wakati vimepimwa na daktari.

Yule dada alipata parasetamoli, na nikamsihi aende kliniki kesho yake na kadi yake. Mama kijacho, kabla hujatoa hela dukani, taja wiki za mimba yako. Na wewe kaka muuzaji, uliza kabla hujashika mkasi.