Je, Wajua? Kamera Zinazodaka Mionzi Inayotoka Mwilini Mwako

Je, wajua kwamba kwenye tiba ya nyuklia, taa ni wewe mwenyewe? Eksirei hukupiga mionzi kutoka nje. Hapa unachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, dawa inatafuta moyo, mfupa au uvimbe, na mionzi ya gama inatoka mwilini mwako huku mashine ikiisubiri nje kuidaka!

Dawa inayotumika zaidi ni teknishiamu-99m, na kila baada ya saa 6 nguvu yake hupungua kwa nusu. Hebu hesabu nami: ukichomwa saa 2 asubuhi, ikifika saa 2 usiku imebaki robo tu. Na hapo hatujahesabu ile uliyokwisha kuikojoa!

Mwanzoni kazi ilikuwa ya polepole mno. Mwaka 1951 huko Los Angeles, kifaa cha Benedict Cassen kilipita juu ya shingo ya mgonjwa mstari kwa mstari, nukta kwa nukta, kuchora tezi moja tu. Mgonjwa ametulia tuli muda wote huo!

Kisha akaja Hal Anger wa Berkeley. Kamera yake ya miaka ya 1950 ilikuwa na fuwele moja na mirija 7 tu ya kunasa mwanga, lakini iliona eneo zima kwa mara moja. Gama inagonga fuwele, fuwele inamweka, mirija inalinganisha nani ameuona mwako mkali zaidi, na mahali pa kila mgongano panajulikana papo hapo. Fuwele yenyewe ni aina ya chumvi, ikipata unyevunyevu wa hewa inaharibika!

Sasa shangaa: mbele ya kamera hiyo huwekwa bamba la risasi lenye matundu, ili miale ya upande isivuruge picha. Kati ya miale 10,000, unaopita ni kama 1 tu! Ndiyo maana ilibidi ulale pale muda mrefu. Vigunduzi vipya vya kadimiamu, zinki na teluriamu havihitaji mwako wala mirija, vinageuza gama kuwa umeme moja kwa moja. Picha ya moyo iliyokula robo saa na zaidi sasa hupatikana kwa dakika chache.

Je, wajua kwamba mashine ya PET inatumia antimata? Kweli kabisa! Dawa hutoa positroni, ambayo ndiyo antimata yenyewe, positroni inakutana na elektroni ndani yako, zote mbili zinatoweka, na miale miwili inachomoka kila mmoja upande wake. Vigunduzi viwili vikigongwa kwa wakati mmoja, chanzo kiko kwenye mstari kati yao. Bamba la risasi halihitajiki tena!

Ila ni wapi kwenye mstari huo? Mwanga huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Vigunduzi vya leo vinatofautisha hadi pikosekunde 200 hivi, na hapo chanzo kinabanwa ndani ya sentimita 3. Pikosekunde moja, rafiki yangu, ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde!

Fuwele iliyoleta kasi hiyo iligunduliwa na Charles Melcher alipokuwa akitafuta vigunduzi vya visima vya mafuta. Ina madini ya lutetiamu, na lutetiamu nayo ina mionzi yake hafifu. Itachukua miaka kama bilioni 37 kupungua nusu, ilhali ulimwengu mzima una miaka bilioni 13.8 tu!

Florini-18, dawa kipenzi ya PET, hupungua nusu kwa dakika 110. Huwezi kuiagiza kwa meli! Ndiyo maana Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ina saiklotroni yake, mashine ya kuitengenezea.

Usiondoke, hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwaka 2018 timu ya Simon Cherry na Ramsey Badawi wa Davis, California, ilitoa picha za kwanza za binadamu kutoka EXPLORER, mashine yenye urefu wa sentimita 194 na fuwele zaidi ya 560,000. Inamwona mtu mzima utosi hadi unyayo kwa mpigo mmoja, na inaweza kumaliza kwa sekunde 20 hadi 30! Katika filamu yake, dawa inachomwa mguuni. Unaiona ikipanda hadi moyoni, ikiingia mapafuni, ikirudi moyoni, kisha ikisambaa mwili mzima.

Na mwaka 2021, watafiti wa Japani na Marekani walionyesha maabarani vigunduzi vya kasi ya pikosekunde 32. Picha ikajichora nukta kwa nukta, bila kompyuta kukokotoa mistari yoyote!