Kabla hujamwita fundi mwizi, piga hesabu hii

Juni mwaka jana, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, hita ya maji ya bafuni kwetu iligoma. Kila tukiiwasha, swichi kuu inakata na nyumba nzima inaingia giza. Sisi tungevumilia kwa kuchemsha maji jikoni. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutibiwa magoti, na asubuhi bila maji ya moto hakuweza hata kukunja mguu.

Nikampigia fundi ambaye jirani alinipa namba yake. Alikuja jioni, akafungua kifuniko, akapima kwa mita yake, akasema koili ya kupashia maji imekufa na inavujisha umeme, na themostati nayo imeungua. Nikamjibu, “Fundi, wewe tengeneza tu.” Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Kesho yake saa nne asubuhi alirudi na spea mkononi. Nilitazama saa. Baada ya dakika 40 alikuwa ameshamaliza, anafuta maji sakafuni.

“Mama, itakuwa Sh190,000,” akasema.

Nikapandisha sauti. “Dakika 40 tu, fundi? Huu si wizi wa mchana kweupe?”

Nilisema hayo mbele ya mama mkwe na wanangu wawili. Fundi hakubishana. Nikamhesabia Sh120,000, nikamwambia ndizo nilizo nazo. Akapokea, akakusanya vifaa vyake na kuondoka bila kugusa chai niliyokuwa nimemwandalia.

Siku nne baadaye maji yakaanza kudondoka chini ya hita, pale koili ilipofungwa. Mume wangu, aliyekuwa amerudi kutoka safari, akasema, “Si umpigie fundi aliyeitengeneza?” Nikachukua simu, nikairudisha mezani. Ningeanzaje na mtu niliyemwita mwizi?

Kitambaa na mshono

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote huo. Jioni ile akaniita nikae karibu naye.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nimeshona nguo za watu miaka 30. Mteja anaingia dukani, ananunua kitambaa bila kelele. Akifika kwangu, mshono ndio anaouona ghali. Kitambaa anakishika, mshono haushiki.”

Akaniambia nichukue kalamu.

Tulianza na spea. Siku iliyofuata nilipita maduka ya vifaa Mwanjelwa nikauliza bei. Koili ya aina ile, Sh55,000. Themostati, Sh25,000. Gasketi, Sh5,000. Jumla Sh85,000. Tukaweka bodaboda ya kuja jioni, ya kwenda dukani na ya kurudi: Sh10,000. Kwa hiyo katika zile Sh120,000 nilizompa, fundi alibaki na Sh25,000.

Na kazi yenyewe haikuwa ya dakika 40. Jioni ya kwanza alitumia karibu saa nzima kutafuta tatizo. Asubuhi alizunguka maduka kutafuta koili inayolingana na hita yetu. Zile dakika 40 zilikuwa kipande nilichokiona mimi. Tena zilikuwa chache kwa sababu anaijua kazi. Mwanafunzi angekaa mpaka jioni na mimi ningemwona mchapakazi.

Hata hivyo, hesabu haikumpa fundi haki yote. Katika Sh190,000 alizotaka, ukitoa spea na nauli, ufundi ulikuwa Sh95,000. Nilipiga simu kwa mafundi wengine wawili, nikaeleza kazi ileile. Mmoja alisema ufundi wake ni Sh60,000, mwingine Sh80,000. Yangu ilikuwa juu kidogo, lakini kati ya kuwa juu kidogo na kuwa mwizi kuna umbali mrefu.

Nilimpigia. Nilianza na samahani, ndipo nikataja hesabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hata mimi nilikosea, mama. Ningekutajia bei kabla ya kufungua.” Tukakubaliana Sh170,000, nikamwongezea Sh50,000. Alikuja siku hiyohiyo akakaza gasketi, na hakuchukua hata senti. “Hii ni kazi yangu mwenyewe,” akasema. Safari hii chai aliinywa, na wanangu walikuwepo kuona.

Maswali ya kuuliza mapema

Tangu siku hiyo, fundi akiingia nyumbani kwetu, awe wa hita, wa bomba au wa friji, kuna mambo ninayouliza kabla hajashika bisibisi.

Kwanza, kuja kuangalia tu ni bei gani? Mafundi wengine hutoza, wengine huiondoa fedha hiyo ukiwapa kazi. Hakuna ubaya katika lolote, mradi mmeelewana.

Pili, naomba bei iliyogawanywa: spea kiasi gani, ufundi kiasi gani, nauli kiasi gani. Bei ya jumla huwezi kuipima. Ikigawanywa, spea utaiulizia dukani, na ufundi utamuuliza fundi mwingine. Spea naomba iletwe na risiti. Fundi akiweka faida kidogo kwa kuzunguka kuitafuta, sigombi, ila nataka aniambie.

Tatu, naomba spea ya zamani nibaki nayo. Hii haihitaji ukali. Sema tu, “Fundi, ile mbovu niachie.” Koili iliyokufa mara nyingi utaiona imeganda chokaa nyeupe ya maji au imepasuka. Chokaa hiyo huzuia joto kupita kwenda kwenye maji, koili inajipika yenyewe mpaka inakatika.

Nne, ukikuta tatizo jingine katikati ya kazi, utaniambia kabla ya kuendelea? Hapa ndipo bei nyingi huota miguu.

Tano, likirudi tatizo lilelile, utarudi bila malipo kwa muda gani? Jibu la swali hili ni sehemu ya bei. Fundi wa Sh60,000 ambaye hapokei simu wiki ijayo anaweza kuwa ghali kuliko wa Sh80,000 anayerudi.

Bei ndogo nayo ichunguzwe

Kuna upande mwingine. Jirani yangu aliona maji yakidondoka kwenye kivalvu kidogo kilicho kwenye bomba linaloingia kwenye hita. Fundi mmoja akamwambia tangi limeoza, anunue hita mpya, naye atamfungia kwa bei nzuri. Alikuwa ameshaanza kukusanya fedha.

Maji yakipata moto hutanuka, na kivalvu hicho kimewekwa makusudi ili kutoa shinikizo linalozidi. Matone machache wakati hita inapasha ni kazi yake ya kawaida. Kikidondosha mfululizo hata hita ikiwa imepoa, basi ama kimechoka ama msukumo wa maji ni mkubwa mno, na hilo hutengenezwa bila kubadilisha hita. Tangi lililooza huvuja kutoka kwenye mwili wa hita wenyewe, mara nyingi maji yakiwa na rangi ya kutu, na hapo kweli hakuna ufundi wa kuliokoa. Jirani alibadilisha kivalvu, hita yake ipo mpaka leo.

Wapo pia wanaokushusha bei kwa kuruka mambo usiyoyaona. Hita inakutanisha umeme na maji mahali unaposimama bila viatu. Swichi yangu ilikuwa inakata kwa sababu umeme ulikuwa unavuja, ilikuwa inatulinda. Fundi anayekwambia “tuweke swichi kubwa zaidi isikate” anakuuzia hatari kwa bei nafuu. Fundi mzuri huzima umeme kabla ya kufungua, hukagua waya wa ethi, na hujaza tangi maji kabla ya kuwasha, kwani koili ikiwaka bila maji huungua mara moja. Hatua hizo zina bei yake, na bei hiyo ni halali.

Na kabla ya kukubali matengenezo makubwa, uliza hita mpya ya ukubwa huohuo ni kiasi gani. Kama matengenezo yanakaribia nusu ya bei hiyo na hita yako ni ya miaka mingi, afadhali ujikaze ununue mpya.

Mimi sasa nina daftari dogo kwenye droo ya jikoni. Naandika tarehe, tatizo, bei ya spea, bei ya ufundi na namba ya fundi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka huu hita ikigoma tena, sitahitaji kubahatisha wala kupandisha sauti. Nitafungua ukurasa wa Juni, nione tulikubaliana nini.