Faida za Chachu

Mkoani Singida mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, nayo si nyingi. Kwa hiyo wakulima hupanda mtama na uwele, nafaka zivumiliazo ukame. Ugali wake hushibisha, na mlenda huuteremsha vizuri. Lakini kushiba ni jambo moja, na mwili kupata vyote unavyovihitaji ni jambo jingine. Tumbo laweza kujaa, na mwili ukabaki na njaa. Kimoja cha vitu viwezavyo kuiondoa njaa hiyo iliyofichika ni chachu.

Chachu ni nini? Ni kiumbe hai, ndugu wa uyoga, ila ni kidogo mno hata jicho haliwezi kukiona pasipo hadubini. Kila mama apikaye maandazi aijua kazi yake: hutia hamira kidogo katika unga, na unga wote huumuka. Watu waliitumia chachu kwa maelfu ya miaka bila kujua ni kitu gani. Tangu mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alianza kuonyesha ya kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Chachu hula sukari, ikatoa hewa na kileo. Hewa huumua mkate. Kileo hulevya wanywaji wa pombe.

Katika chachu iliyokaushwa, karibu nusu ya uzito ni protini, yaani chakula kijengacho mwili. Tena ina vitamini nyingi za jamii ya B, zisaidiazo kutengeneza damu na kulinda ngozi na mishipa ya fahamu.

Faida hiyo ilijulikana kwa taabu. Zamani, kusini mwa Marekani, maskini wengi walikula mahindi karibu peke yake, wakashikwa na pelagra. Ngozi yao iliota vidonda, wakahara, na wengine wakarukwa na akili, kisha wakafa. Watu walidhani ni maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger alitumwa kuyachunguza, akaonyesha ya kuwa chanzo chake ni upungufu katika chakula, na ya kuwa chachu huyaponya. Mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927, wenyeji waligawiwa chachu, na wengi wakapona. Ilipofika mwaka 1937, vitamini iponyayo ilitambulikana: ni niasini. Pelagra imeonekana Bara Hindi pia, kwa watu walao mtama pasipo kitoweo cha kutosha. Basi wala mtama wa kila nchi wana sababu ya kuangalia kitoweo chao.

Siku hizi iko chachu itengenezwayo makusudi iwe chakula. Huoteshwa katika maji ya sukari, huoshwa, huuawa kwa moto, kisha hukaushwa ikawa vipande vyembamba vya manjano. Hamira ya mkate isiliwe mbichi, kwa maana ikiwa hai tumboni huweza kujitwalia vitamini za mlaji. Wala chachu haitoshi peke yake: haina vitamini C, wala haina vitamini B12 isipokuwa imetiwa kiwandani.

Je, asiye na fedha za kununua chachu hiyo afanye nini? Asihuzunike, maana chachu imo hata katika chungu cha nyumbani. Togwa hupikwa kwa uji wa nafaka. Uji ukiisha poa, hutiwa unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, pamoja na togwa kidogo ya jana. Kimea huulainisha uji. Kisha chachu na viumbe vingine vidogo huuchachusha usiku kucha. Kuchacha huko huufanya mwili upate madini ya chuma ya nafaka kwa urahisi zaidi. Togwa ikorogwe kabla ya kunywewa, kwa sababu chakula kingi hukaa chini. Ikiachwa siku nyingi hugeuka pombe, nayo haiwafai watoto hata kidogo. Vitamini zimo katika chachu na nafaka. Ulevi hauna vitamini.

Pamoja na togwa, mtoto apewe karanga, kunde, mayai, maziwa na mboga za majani. Karanga zina niasini nyingi, nazo hustawi katika mashamba ya Singida. Mwenye kula hivyo hatashiba tumbo tu, bali mwili wake wote utapata nguvu, naye ataweza kulima na kusoma.