Maneno ya Bahari katika Vilima vya Ogembo

Ogembo haina bahari. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Kisii, uliozungukwa na migomba na mashamba ya chai, na maji yake makubwa ni ya mto Gucha, unaoteremka kuelekea Ziwa Viktoria. Lakini mtu wa Pwani akikaa huko siku mbili tatu, kama nilivyokaa mimi, atasikia maneno ya kwao yakitamkwa kila pembe: jahazi, shwari, kufuliza. Wanaoyatamka si mabaharia. Ni wachuma chai, waendesha bodaboda na wauza ndizi, na kila mmoja ana simu mkononi.

Asiyejua na ajue. "Okoa Jahazi" ni huduma ya kukopeshwa salio la kupigia simu, na mkopaji hukatwa asilimia 10. "M-Shwari", iliyoanza Novemba 2012, ni akiba na mkopo wa benki kwa njia ya simu. Ilipoanza, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, ikaitwa ada. "Fuliza", ya Januari 2019, humwezesha mtu kulipa hata pesa zake zikiwa zimekwisha. Hizi mbili zimepanda juu ya mgongo wa M-Pesa ya mwaka 2007, ambayo haihitaji sifa zangu. Kila mzazi aliyeletewa pesa na mwanawe bila ya kungoja basi anaijua heri yake.

Mimi ni mtu wa mashairi, na mshairi hulipima neno kabla ya kulitumia. Basi tuyapime haya. Shwari ni bahari iliyotulia. Kwa nahodha wa chombo cha tanga, shwari si neema tupu: upepo hakuna, chombo hakiendi, watu hukaa wakangoja. Wazee wetu waliokwenda Arabuni waliondoka na kusi, wakarejea na kaskazi. Hakuna aliyeamka asubuhi akang'oa nanga kwa kuwa moyo umemtuma. Shwari ya simu haingoji. Mtu hubonyeza, pesa zikaja. Na kufuliza je? Ni kutenda jambo mfululizo, bila kukoma. Aliyelichagua neno hilo alikijua Kiswahili: mkono usisimame, hata mfuko ukiwa mtupu.

Sasa tulitazame shamba. Mama mmoja niliyemkuta akichuma aliniambia, "Mzee, usitazame kikapu, tazama kidole." Kidole kilikuwa kikichagua: majani mawili na chipukizi lake, jani gumu likiachwa. Mti ukishachumwa hupumzishwa, wiki moja au mbili, ndipo hurudiwa. Malipo nayo yana miadi: mkulima mdogo hupata kiasi kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, na fungu la pili, waliitalo bonasi, hesabu za mwaka zikishafungwa. Watu hawa wamefundishwa kungoja na mmea wenyewe.

Huko Kericho, kwenye mashamba ya makampuni makubwa, mashine zimeingia kuchuma. Mashine hufanya kazi ya watu wengi, lakini haina kidole cha kuchagua. Hukata kile kisu chake kilichokifikia. Mwezi Mei 2023 watu waliokasirika kwa kupotea kwa kazi zao walizichoma moto baadhi ya mashine hizo. Mashine ya shambani huonekana, mtu akaikasirikia. Hii ya mfukoni hatuioni kuwa ni mashine.

Nikamwuliza yule mama, "Bonasi ikija huifanyia nini?" Akacheka. "Ikija, hukuta nimeshaila." Alikuwa amekopa kidogo kidogo: salio, unga, sare ya mtoto, na kitambaa alichokiona kwenye simu. "Unga na sare nilivitaka mwenyewe," akasema. "Kile kitambaa, sijui nani alikitaka."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinirudisha chuoni. Sisi tuliosoma Arubaini ya Imamu Nawawi tunajua kwamba hadithi yake ya kwanza ni ya nia. Na nia ina mahali pake, baina ya kutamani na kutenda. Mtu hutandika msala, husimama, hunuia, ndipo akafunga sala. Hata awe na haraka namna gani, kisimamo hicho hakirukwi. Kama ada ya simu ni riba kwa jina jingine, hilo masheikh watatufafanulia. Langu linatangulia hilo: simu imekifuta kisimamo. Mtu hutenda, kisha ndipo hujiuliza kama alinuia.

Serikali imefanya lake. Machi 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa simu, na miongoni mwake ni kuwakataza kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Ni jambo jema, lakini kanuni hiyo humlinda aliyekwisha kukopa. Anayetaka kukopa hulindwa na nafsi yake, na nafsi huhitaji wenzake. Abagusii walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Sisi tuna upatu. Katika vyote viwili mtu hungoja zamu yake, na wakati wa kungoja hujua anachokitaka, kwa kuwa majirani watamwuliza.

Sithubutu kumwambia mtu wa Ogembo, wala wa Mombasa au Lamu, aitupe simu. Nasema turudishe kisimamo. Mkopo usio wa ugonjwa wala wa njaa na ulale usiku mmoja kabla ya kubonyezwa. Kinachonunuliwa na kitajwe kwanza kwa sauti mbele ya mtu mwingine, awe mke, mume au jirani.

Yule mama ameanza. Bonasi ijayo anataka mabati ya jiko, na amemwambia jirani anayechuma naye mstari mmoja. Kila simu inapolia kumletea habari ya mkopo, jirani humwuliza kutoka upande wa pili wa michai, "Ni ya mabati hiyo?"