Medali ya mtoto wa Napoleon: soma ukingo kabla ya kuhesabu hela

Wiki iliyopita mjomba alinijia na medali nzito ya shaba, aliyopewa na bosi wake Mfaransa wakati anarudi kwao. Mtu mmoja pale mtaani kamwambia ni ya mwaka 1811, eti ina mamilioni. Binti yake anatakiwa alipe ada ya chuo. Basi nikakabidhiwa mimi, si ndiyo kijana wa mitandao, niitafutie mteja.

Niwape kwanza stori yake. Upande mmoja kuna vichwa viwili, Napoleon na mkewe Marie-Louise. Upande wa pili kichwa cha kitoto na tarehe 20 Machi 1811 kwa namba za Kirumi. Huyo alipewa cheo cha Mfalme wa Roma toka anazaliwa. Siku ile watu wa Paris walikuwa wanahesabu mizinga: wa kike 21, wa kiume 101. Ulipolia wa 22, mji ukalipuka kwa shangwe. Napoleon alishamwacha Josephine kwa kukosa mrithi, kwa hiyo mzinga ule wa 22 haukuwa mchezo! Mtoto mwenyewe kiti hakukikalia, alifia Vienna mwaka 1832 akiwa na miaka 21 tu. Mchongaji ni Bertrand Andrieu.

Sasa pasua kichwa ni hii. Chapa za chuma za kupigia medali hizi hazikutupwa. Kiwanda cha sarafu cha Paris kilizitunza, kikaendelea kupiga medali zilezile na kuwauzia watu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo 1811 ni mwaka wa tukio, siyo lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Ni kama leo uchapishe kanga ya Uhuru 1961.

Utajuaje? Ukingo. Kuanzia 1832 kiwanda kilianza kugonga alama ndogo pembeni: taa ya kale, halafu nanga, halafu omo ya meli. Kuanzia 1845 hadi 1860 ni mkono unaonyoosha kidole. Baada ya hapo nyuki, na toka 1880 pembe. Ya 1811 yenyewe haina alama hizo. (Isipokuwa mjanja anaweza kuzisaga, kwa hiyo ukingo mtupu peke yake usikupe kiburi.)

Nikaazima lenzi kwa fundi saa. Nikazungusha ile medali taratibu, mjomba kanisimamia kichwani. Ikatokea pembe, na neno CUIVRE, yaani shaba.

"Mjomba, hii ni ya baada ya 1880."

"Kwa hiyo yule mzungu kanidanganya?"

Nikamuuliza kama Mfaransa aliwahi kumwambia ni ya zamani. Akafikiri. Akasema hapana, alisema tu ni zawadi.

Na alishaisugua kwa limau na majivu ing'ae, jambo ambalo wakusanyaji hawalipendi kabisa, wanataka ile rangi ya uzee. Hilo sijamwambia bado. Ada inadaiwa mwisho wa mwezi, na medali imerudi kwenye kopo lake la biskuti.