Tukituma Hati, Tumkumbuke Anayeipokea

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukweli wa methali hii niliushuhudia muhula mmoja nilipomtembelea rafiki yangu, mwalimu wa hisabati katika shule ya upili ya kutwa. Alikuwa amepokea kwa barua pepe mtihani wa pamoja uliotungwa na walimu wa shule jirani. Ilikuwa jioni, na wanafunzi walitarajiwa kuufanya kesho yake saa mbili asubuhi.

Alipoifungua hati hiyo kwa tarakilishi ya shule, inayotumia LibreOffice, programu isiyolipiwa, alikuta majedwali yamevunjika, na palipostahili kuwa na milinganyo pana visanduku vitupu. Aliwapigia simu waliomtumia, wasipatikane. Ikambidi akeshe akiyaandika upya maswali kwa kukisia. Alama zilipolinganishwa baadaye, wanafunzi wake walikuwa wamepimwa kwa maswali yasiyokuwa ya wenzao. Je, hiyo ni haki?

Walimu wale hawakuwa na nia mbaya. Walisahau tu kwamba hati ya tarakilishi si karatasi. Karatasi husomwa na yeyote mwenye macho, ilhali hati ya tarakilishi huhifadhiwa kwa umbo fulani, na programu isiyolielewa umbo hilo barabara hubaki kubahatisha. Hata wateja wa kampuni moja huadhirika. Microsoft Office ya 2007 ilipoleta faili za .docx, waliokuwa na toleo la 2003 hawakuweza kuzifungua mpaka waongeze programu nyingine ya kuzitafsiri.

Hapana shaka kuna watakaosema, "Kwani ni nani asiyekuwa na Word?" Jibu ni kwamba wapo wengi. Yupo mwanafunzi anayesoma kwa simu ya mzazi wake, na ipo shule iliyoamua kutumia fedha zake kununua vitabu badala ya leseni. Kumtaka mwanafunzi huyo awe na programu ya kulipia ni kumtoza karo ya pili, au kumsukuma atafute nakala ya wizi. Sisi tunaomfundisha uadilifu tutamwambia nini?

Njia zipo, tena hazina gharama. Hati ya kusomwa tu, kama vile mtihani, ratiba au barua kwa wazazi, na itumwe kwa umbo la PDF. Umbo hili lilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993, na likawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka wa 2008. Hutunza mpangilio wa ukurasa, na husomeka hata kwa simu. Hati ambayo mwenzako ataihariri na ihifadhiwe kwa umbo la OpenDocument, ambalo faili zake huishia kwa .odt. ISO ililikubali mwaka wa 2006, na Word yenyewe huweza kulifungua. Serikali ya Uingereza iliamua mwaka wa 2014 kwamba ofisi zake zifuate mkondo huo huo.

Wala jambo hili si geni kwetu Waswahili. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa iliyozungumza Kiswahili.

Kweli, hakuna dawa isiyo na dosari. PDF ni ngumu kuhariri, na faili ya .odt huenda ikasogea kidogo ikifunguliwa kwa Word. Ndiyo maana mtu mwangalifu hutuma zote mbili, moja ya kuhariri na nyingine ya kuonyesha jinsi ukurasa unavyopaswa kuwa. Kazi yenyewe haimalizi dakika moja: fungua sehemu ya kuhifadhi, chagua umbo, kisha utume.

Walimu wenzangu, na tuanze na mitihani ya pamoja. Nanyi wanafunzi, mnapowasilisha kazi zenu, muulizeni mwalimu ni umbo gani ataweza kulifungua, kwani kuuliza si ujinga. Dakika moja ya mtumaji yaweza kumwokolea mpokeaji usiku mzima.