Usiniulize kipi ni kizuri

Nilikuwa kiwandani, hapa Dar es Salaam, nikizungumza na wafanyakazi wa zamu juu ya uchovu wa kazi. Nilipomaliza, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa kijana anayeendesha foklifti, macho mekundu, na swali lake lilikuwa lilelile ninaloulizwa bandarini, benki, wodini na kwenye vijiwe vya bodaboda: "Dokta, katika hivi vinywaji vya kuongeza nguvu, kipi ni kizuri kisicho na madhara?"

Kwa miaka nimelijibu kwa upole. Sasa naliandikia, kwa sababu watu wanaendelea kuendesha mashine na magari, na kuwachoma wagonjwa sindano, wakiwa na chupa hiyo mfukoni na imani kwamba wamejiongezea kitu.

Swali lenyewe ni bovu. Linachukulia kwamba chupani mna nguvu, kwamba kazi iliyobaki ni kuchagua chapa. Mna sukari, mna kafeini, halafu mna majina marefu ya kuipa lebo heshima ya duka la dawa. Nguvu unayoitafuta haimo.

Tuichukue kafeini, maana ndiyo inayofanya kazi yote. Kadiri unavyokaa macho, ubongo hurundika kemikali iitwayo adenosini. Ikishajaa kwenye vipokezi vyake unasikia kichwa kizito na kope zinaanguka. Kafeini huwahi kuvikalia vipokezi hivyo, ikaviziba. Ujumbe haufiki, lakini adenosini inaendelea kurundikana ikisubiri nafasi, na kafeini ikishaondoka inaingia kwa mkupuo. Dereva yeyote wa masafa marefu anaijua saa hiyo: alikuwa mzima, na ghafla amekwisha. Fikiria aliyebandika plasta juu ya taa ya mafuta kwenye dashibodi ya daladala. Taa haionekani tena, na tangi halijaongezeka hata tone.

Mwili wa mtu mzima huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa. Chupa au kopo la mililita 250 kwa kawaida huwa na miligramu 80 hivi. Mlinzi anayekunywa chupa mbili saa kumi alfajiri ili amalizie lindo, akijitupa kitandani saa tatu asubuhi bado ana kafeini ya chupa moja nzima mwilini. Halali, anasinzia. Anaamka adhuhuri na uchovu wa jana, na jioni chupa mbili hazimtoshi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala. Wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kwa hiyo dawa ya uchovu ndiyo inayotengeneza uchovu wa kesho, na mnywaji anamshukuru muuza duka.

Sukari nayo: gramu 27 hivi katika chupa hiyohiyo ndogo, sawa na vijiko sita au saba vya chai. Zidisha kwa chupa tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, halafu uniulize kitambi kimetoka wapi.

Vitamini ndizo zinazonikera zaidi. Watu wazima, wenye akili zao, wananiambia kinywaji "kinasafisha figo" kwa kuwa mkojo umekuwa wa njano inayong'aa. Rangi ile ni riboflavini, yaani vitamini B2, iliyozidi mahitaji ya mwili na kutupwa nje. Umeilipia, figo zimeifanyia kazi ya kuitoa, na hakuna uchafu uliosafishwa. Kuhusu taurini, wanaume husubiri wenzao watoke ndipo waniulize kwa sauti ya chini kama inatoka kwenye korodani za fahali. Haitoki huko. Ya kwenye vinywaji hutengenezwa kiwandani. Mwili wako pia hujitengenezea, na unaipata ukila samaki au nyama. Haitakusaidia chumbani.

Wengine huchanganya na pombe kali ili walewe taratibu. Kafeini haiondoi pombe kwenye damu, inakuficha tu usijue umelewa kiasi gani, nawe unapanda pikipiki. Wengine humezea vidonge vya maumivu, na baadhi ya vidonge hivyo vina kafeini ndani yake, kwa hiyo mtu anaongeza juu ya aliyokwisha kunywa bila kujua. Moyo ukianza kwenda mbio usiku wa manane, wanadhani wamerogwa.

Sisemi kikombe cha kahawa au chupa moja ni sumu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuvumilia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, mjamzito asizidishe 200, na mwenye presha au tatizo la moyo azungumze na daktari wake kabla ya kufungua kifuniko. Ninachokataa ni kuiita tiba. Ukikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wako unakaribia wa mtu aliyekwisha kunywa pombe kidogo, na hakuna chapa inayokurudishia usingizi huo.

Basi uchovu unatoka wapi? Mara nyingi kwenye ratiba, na kwa namna mtu anavyosimamiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza hali ya kuishiwa kabisa na nguvu kwa sababu ya kazi, liliitaja kuwa jambo la mahali pa kazi, halikuihesabu kuwa ugonjwa. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani yalionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Na anayeumia zaidi si lazima awe mkubwa mwenye simu tatu. Kati ya watumishi wa serikali ya Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka mingi, wa ngazi za chini ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Kazi nyingi ambayo huna kauli ndani yake inaua.

Ya kufanya, kwa haraka. Kama ni lazima unywe kafeini, iwe mwanzoni mwa zamu, na wa mchana aache kufikia saa nane. Kabla ya zamu ya usiku lala, hata dakika 20. Ukirudi asubuhi tundika kitenge kizito dirishani, na nyumbani wajue hakuna kukuamsha kwa ajili ya mgeni. Bosi akikuletea kazi ya nne, mwulize ipi kati ya tatu za kwanza isubiri, na jibu liwe la maandishi. Andika saa zako kwenye daftari: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, ovataimu kwa makubaliano na isiyopita saa 50 katika wiki nne, saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na likizo ya siku 28. Ichukue likizo. Wa bodaboda, zungumza na tajiri wako hesabu ihesabiwe kwa wiki, ili siku mbaya moja isikulaze barabarani. Wasimamizi: zungusheni zamu kutoka asubuhi kwenda jioni kwenda usiku, msizirudishe kinyume, na ujumbe wa saa nne usiku usubiri kuche.

Kijana wa foklifti nilimwuliza amelala muda gani. Saa tatu, akasema. Mwenzake hakufika, akaambiwa aunganishe zamu, na ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Msimamizi wake alikuwa kiti cha nyuma. Baada ya kikao tulimpeleka kijana nyumbani kwa gari, kisha mimi na msimamizi tukakaa na ratiba mezani mpaka jioni.